Kiasi: Habari za Baruti na Risasi za Kuwindia Wanyama Wakubwa

Katika lugha yetu yako maneno ambayo mtu akiyachimbua humpa habari nyingi za watu wa kale kuliko masimulizi marefu. Neno moja la namna hiyo ni kiasi. Kila mtu alijua kwa maana ya kadiri au kipimo. Nasi walimu twalijua tena kwa maana ya kujizuia, kwa kuwa ndivyo litumikavyo katika Waraka kwa Wagalatia, panapotajwa tunda la Roho. Lakini wenye kamusi wa zamani waliandika na maana ya tatu, ambayo vijana wengi wa leo hawaijui: kiasi cha bunduki ni baruti na risasi za kutosha kupiga mara moja, zilizopimwa na kufungwa tayari. Yaani kile tunachokiita leo risasi nzima, pamoja na ganda lake na vyote vilivyomo, wazee walikiita kiasi.

Twaona ya kwamba wazee hawakukosea kulichagua jina hili. Habari za silaha za kuwindia wanyama wakubwa, tangu gobori hata bunduki za siku hizi, kwa kweli ni habari za kipimo: ni nani apimaye, apima kwa kitu gani, na kosa la kupima humwangukia nani. Katika kurasa hizi twataka kuifuata habari hiyo hatua kwa hatua.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Baruti ni neno lililotoka kwa Waarabu, na kwao hapo kale lilikuwa jina la shura, ile chumvi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya baruti. Risasi nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni yale madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Kwa hiyo asemaye "risasi ya shaba" asema neno ambalo mzee wa pwani angelicheka. Walakini desturi imeshinda, nasi sote twasema hivyo. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina. Kalibu ni chombo cha kuyamiminia yapate umbo. Mdeki ni ule ufito wa kushindilia. Fataki ni kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Gumegume ni bunduki iwashwayo kwa jiwe, na gobori ni bunduki yo yote ishindiliwayo kwa mdomoni. Maneno haya yanapotea, na pamoja nayo yanapotea maarifa.

Baruti nyeusi hufanywa kwa vitu vitatu, navyo ni shura, makaa ya miti na kiberiti. Kipimo kilichozoeleka huko Ulaya kilikuwa sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti. Makaa ndiyo kuni. Shura hutoa hewa ya kuziunguza. Kiberiti husaidia moto kushika upesi. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa ya kusukuma risasi, bali hubaki masizi na moshi mweupe. Tena ukubwa wa punje ni jambo kubwa: punje ndogo huungua upesi, punje kubwa huungua polepole. Kwa sababu hiyo baruti ya mzinga haikuwa sawa na baruti ya bastola, ijapokuwa vitu vilivyomo vilikuwa vile vile. Katika karne ya 19 mapipa ya baruti yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Unguja kutoka Ulaya na Marekani, yakapandishwa bara pamoja na misafara ya pembe. Njiani yalipatwa na mvua na umande, na baruti iliyoshika maji ni baruti isiyoaminika.

Basi mwindaji wa tembo, awe Mnyamwezi au Mmakua, alipolishindilia gobori lake, yeye mwenyewe alikuwa mpimaji. Alimimina baruti, akaweka kitambaa au nyuzi za gome, akasukuma kwa mdeki. Akatia risasi, akasukuma tena mpaka ikae barabara juu ya baruti. Risasi isipokaa vema, pakabaki nafasi katikati, kasiba huweza kupasuka usoni pake. Baruti ikiwa haba, tembo hujeruhiwa na kuja juu. Ikiwa nyingi, bunduki humwumiza mwenyewe. Hakuwa na mizani. Alikuwa na mkono, na macho, na kumbukumbu ya mlio uliotangulia. Kila mlio ulikuwa kazi yake tangu mwanzo hata mwisho, na ikiwa alikosea, hakuwa na fundi wa mbali wa kumlaumu.

Kuchagua risasi kulikuwa na taabu yake. Madini ya risasi ni laini, huyeyuka kwa moto wa kawaida na kusubiwa kwa urahisi. Ila ulaini huo ndio ubaya wake kwa wanyama wakubwa. Kinachomlinda tembo si ngozi peke yake. Ubongo wake umezungukwa na mfupa mpana uliojaa vitundu kama sega la nyuki. Risasi laini ikiupiga mfupa huo hubonyea kama donge la udongo na kusimama kabla ya kufika. Kwa ajili ya hayo wawindaji walichanganya bati ili kuikaza. Mskoti mmoja, Roualeyn Gordon-Cumming, aliyewinda Afrika ya Kusini katika miaka ya 1840, ameeleza jinsi alivyotia katika chungu cha kuyeyushia vyombo vyake vya mezani vya madini ya bati, hata vijiko na birika, apate risasi ngumu. Watu wa bara ambao hawakuwa na birika za bati wala madini ya risasi walitumia vipande vya chuma. Vilikuwa vigumu vya kutosha, lakini havikuwa na umbo moja, wala havikukaa sawasawa katika kasiba, wala havikwenda mahali palipokusudiwa.

Wako wanaodhani ya kwamba Wazungu wa siku zile walipima vizuri zaidi. Habari za Frederick Courteney Selous zaonyesha kwamba haikuwa hivyo daima. Mwingereza huyu alifika Afrika ya Kusini mwezi wa Septemba 1871, akiwa bado hajatimiza miaka 20. Mwaka wa 1872 alimwendea Mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda tembo, na mfalme akamcheka kwa ujana wake. Bunduki zake zilikuwa magobori mawili ya bei ndogo yaliyofanywa Birmingham, yasiyo na mifuo ndani ya kasiba, yenye kupiga risasi ya mviringo ya uzito wa wakia 4, yaani robo ya ratili. Baruti yake ilikuwa ile ya biashara, naye aliichukua katika mfuko wa ngozi ubavuni. Kipimo chake kilikuwa konzi ya mkono, tena mara nyingi alichota huku akikimbia nyuma ya tembo. Kwa magobori hayo aliua tembo 78 katika miaka mitatu.

Lakini siku moja fataki ililia na baruti isiwake. Mchukuzi wake, asijue ya kuwa kiasi cha kwanza kingalimo, akaishindilia tena juu yake. Selous alipovuta, bunduki ikamtupa chini, kitako kikavunjika, na shavu lake likapasuka. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba majuto yake makubwa yalikuwa kule kuzoea bunduki zile. Maana kwa ajili ya pigo lake mwili ulijifunza kushtuka kabla ya mlio, na mashaka hayo hayakumwacha upesi hata alipopata bunduki nzuri. Twaomba msomaji aiweke akilini habari hii ya viasi viwili katika kasiba moja, kwa kuwa tutairudia.

Wakati huo huo mlango ulikuwa ukifungwa upande wa Waafrika. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotungwa hasa kwa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki zenye mifuo na baruti nzuri katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Zilizoweza kuuzwa kwa watu kwa jumla, tena kwa masharti, ni gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara. Hatusemi ya kwamba nia ilikuwa mbaya. Bunduki ndizo zilizowapa nguvu washika watumwa, na sisi tuliofundishwa katika shule za misioni twajua vema habari za misafara ile. Walakini matokeo yake katika uwindaji yalikuwa haya: mwindaji wa nchi alibakizwa na silaha ya babu yake kwa amri, miaka ile ile ambayo Ulaya ilipata baruti mpya. Kisha ikasemwa mara nyingi, na hata leo husemwa, kwamba mwenye gobori hujeruhi wanyama wengi kuliko awauao. Huenda ni kweli. Lakini asemaye hivyo ni haki aseme pia ni kwa nini alibaki na gobori.

Tuje sasa kwenye baruti hiyo mpya. Mwaka wa 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, iliyotokana na pamba iliyotiwa tindikali. Mwaka wa 1889 Waingereza Frederick Abel na James Dewar walipata hati ya kodaiti, ambayo katika kila sehemu 100 ilikuwa na sehemu 58 za nitrogliserini, 37 za pamba ile, na 5 za mafuta mazito ya madini. Ilifanywa kuwa nyuzi ndefu kama tambi, ikakatwa kwa urefu wa ganda. Mwaka wa 1898 John Rigby wa London alitoa bunduki ya .450 ya kuwindia tembo, ambayo gramu 4 na nusu tu za kodaiti zilisukuma risasi ya gramu 31 kwa mwendo wa mita 655 hivi kwa sekunde. Linganisha na ile konzi ya Selous! Tena hapakuwa na wingu la moshi. Mwindaji aliweza kuona kama tembo ameanguka au anamjia.

Mwendo huo ulileta shida yake. Risasi tupu haivumilii. Ingejipaka ndani ya kasiba na kuharibika. Ndipo wakaivika ganda la chuma cha pua au la shaba. Hapo kukawa na namna mbili za kuchagua. Moja imevikwa mwili wote hata ncha, isibonyee, ipenye mfupa na nyama moja kwa moja. Hii ndiyo ya tembo na kifaru. Ya pili ncha yake imeachwa wazi, ili ikipiga ifunuke kama uyoga na kufanya jeraha pana. Hii ndiyo ya simba na wanyama wenye ngozi nyembamba. Mwenye kuzibadili amekosa pande zote mbili: ya kwanza humpita swala ikamwacha akimbie na kufa mbali, na ya pili husimama katika mfupa wa tembo kama risasi laini za zamani.

Shida nyingine ilikuwa jua letu. Kodaiti ilipimwa Uingereza, penye baridi. Viasi vile vile vilipopigwa Afrika na Bara Hindi, baada ya kukaa juani, baruti iliungua kwa nguvu zaidi, na maganda yakanasa katika bunduki wakati mtu alipohitaji mlio wa pili. Wafanyaji wakajifunza kupunguza kipimo kwa nchi za joto, au kufanya ganda kubwa ili nguvu isizidi mno, ganda la.416 la Rigby, la mwaka wa 1911, ni mfano wake.

Katika siku hizo alitokea mtu aliyewashangaza wote, naye ni Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda ya sasa na mahali pengine. Idadi ya tembo aliowaua imeandikwa kuwa 1,011, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 hivi. Siri yake haikuwa nguvu. Alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno apate kujua hasa ubongo umekaa wapi. Kisha akachagua risasi ndefu, iliyovikwa mwili wote, isiyopinda njia. Tena alithamini kupita yote kiasi kinacholia kila mara bila kukosa. Lakini waliomwiga bila maarifa yake waliacha wanyama wengi wakiugua porini. Na leo nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa wanyama wa hatari zimeweka.375 kuwa kima cha chini. Sheria haiwezi kupima ujuzi wa mtu. Hupima tundu la kasiba yake.

Sasa kupima kulikuwa kumehamia viwandani. Mwindaji alinunua viasi katika kisanduku, akaviamini kama mtu aaminivyo unga wa dukani. Imani hiyo ilipata pigo baada ya mwaka wa 1956, wakati kiwanda cha Winchester cha Marekani kilipotoa bunduki ya .458, ya bei nafuu, iliyowafaa wengi baada ya viwanda vya Uingereza kupunguza kazi yao. Ganda lake lilikuwa fupi. Ili kupata mwendo uliotangazwa, baruti ilibidi ishindiliwe ndani kwa nguvu. Wasomaji waangalie neno hilo: kushindilia kulirejea tena, ila sasa kulifanywa mbali, na asiyesimama mbele ya tembo. Baadhi ya viasi, vikiisha kukaa muda, baruti yake iliganda kuwa donge, isiungue yote. Risasi ikatoka bila nguvu, na mwindaji hakuweza kujua ni ipi katika kisanduku. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka wa 1959, alifikiri sana jambo hili, na mwaka wa 1971 akatoa ganda refu zaidi linaloitwa kwa jina lake, ili baruti ipate nafasi.

Kwa sababu kama hizo wako wawindaji, hasa Marekani na Afrika ya Kusini, waliorudia kazi ya kupima wenyewe, mahali ambapo sheria yaruhusu. Huokota maganda yao ya shaba, huyasafisha, huyatia fataki mpya, baruti na risasi. Wenye busara katika kazi hii huanza na mnyama, wala si na baruti. Mnyama ndiye aamuaye risasi ni ya namna gani na uzito gani. Risasi na ganda huamua baruti. Baruti iunguayo upesi mno nyuma ya risasi nzito huongeza nguvu kabla risasi haijasogea, na bunduki huweza kupasuka. Iunguayo polepole mno haimaliziki ndani ya kasiba. Baruti hafifu isiyojaza ganda inampa mtu hatari nyingine, maana ganda moja laweza kutiwa mara mbili bila kuonekana. Na hapo twarudi kwa Selous: viasi viwili mahali pa kimoja. Kwa hiyo wengi hupenda baruti inayokaribia kulijaza ganda, ili kosa lijionyeshe kwa kufurika, ila isishindiliwe kama ile ya .458. Huanza chini ya kipimo kilichoandikwa, hupanda kidogo kidogo, hupima kila kimoja kwa mizani, wala hawachanganyi baruti mbili. Kisha hujaribu kazi yao kwenye joto la mahali watakapowinda.

Risasi zenyewe zimebadilika tena. Nyingi za tembo na nyati leo hufanywa kwa shaba tupu, bila madini laini ndani, kwa kuwa haziachani ganda na moyo wake. Faida nyingine imeonekana: vipande vya risasi ya madini vinavyobaki katika mizoga huwadhuru tai wanaokula nyama hiyo. Basi jina limebaki risasi, na risasi yenyewe haimo.

Selous alikufa tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, katika vita vya Waingereza na Wadachi. Hakuuawa na tembo wala simba, bali na risasi ya askari, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, naye amezikwa huko. Pori la akiba lililopewa jina lake linajulikana na wote, na mwaka wa 2019 sehemu yake kubwa, pamoja na mahali pa kaburi hilo, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wachukuzi waliomshindilia bunduki zake wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Kenya ilikataza uwindaji wa namna hii mwaka wa 1977. Tanzania huuruhusu kwa leseni. Kama uwindaji ufaa au haufai, hilo watu wangali wanahojiana, wala si shauri la makala hii. Ila jambo moja twaliona wazi. Katika habari hizi zote, kosa la kipimo halikumwangukia daima yule aliyekosa. Liliwaangukia mchukuzi, na mnyama aliyekwenda na jeraha siku tatu, na mwanakijiji aliyekutana na mnyama huyo njiani alipokwenda kuchota maji. Wazee walioita kitu hiki kiasi waliweka onyo ndani ya jina. Tukiwafundisha watoto neno hili, tusiwape maana moja tu; tuwape zote tatu, kwa kuwa asiye na kiasi katika nafsi yake hana cha kuaminiwa katika bunduki yake.